Koti la Bluu Katika Yadi ya Malori

Nilistaafu mwezi uliopita. Nilidhani watu wataniuliza nimepitisha malori mangapi tangu niwe wakala wa forodha hapa Busia. Hakuna aliyeuliza. Wote wanataka kujua makoti yangu nitayapeleka wapi. Hayaendi popote. Yananing'inia chumbani kwangu, kumi na manne, kila moja limepigwa pasi, na nikienda dukani kununua sukari nitavaa mojawapo. Atakayecheka acheke kwa sauti nimsikie.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaoingia yadini sasa na diploma zenu mpya. Mimi pia ninayo diploma. Niliisomea jioni baada ya kusimama kutwa nzima kazini, na hakunilipia mjomba wala mbunge. Vyeo na mshahara nitaviruka. Anayetaka kujua nilipata nini aje kijijini kwetu Lumino aitazame nyumba yangu, ina madirisha ya kutosha kumjibu. Nitazungumzia mavazi ya kazi, kwanza kwa sababu ndiyo niliyopigiwa vita zaidi, na pili kwa sababu wengi wenu mnayakosea.

Nilitoka Lumino nikaenda Nairobi na cheti cha shule na nguo mbili. Nilipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Miaka sita nilipiga pasi suti za watu waliokuja mjini kufanya biashara. Msimamizi wetu alikuwa mama mkali wa maneno machache. Alinifundisha kwamba koti halisuguliwi kwa pasi kama shuka. Unaweka kitambaa chenye unyevu juu yake, unagandamiza, unainua, unasogea. Ukimaliza unalitundika lipoe. Koti likivaliwa lingali na joto linakunjamana kabla hujafika mlangoni. Wengi wenu ndivyo mnavyofanya, ninawaona asubuhi na mikunjo yenu viwikoni.

Nilijifunza pia kwa kutoa vitu mifukoni kabla ya kufua. Watu waliojua kazi zao walikuwa na kalamu mbili, leso safi, na karatasi moja iliyokunjwa vizuri. Waliokuja kujionyesha walikuwa na kadi zao wenyewe, nyingi. Nikajiambia, siku nikivaa koti nitakuwa mtu wa kalamu mbili.

Niliporudi nyumbani na diploma yangu ya uwakala wa forodha, ndugu zangu walitazama sanduku langu, wakaona ni moja, wakatazama nyuma yangu kutafuta mengine. Sikuwaeleza kitu. Jumatatu iliyofuata niliingia yadini nimevaa suti ya rangi ya maziwa.

Nalisema hili ili mjue kwamba hata mimi nilikosea. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na grisi kwenye mkono wa kulia na tope jekundu hadi magotini. Wafula, wakala wa upande wa Kenya ambaye baadaye tulifanya kazi pamoja miaka mingi, alinizunguka mara moja akinikagua.

"Madam, harusi iko upande gani? Kenya ama Uganda?"

"Iko pande zote mbili," nikamwambia, "na wewe hujaalikwa."

Mawakala wote wakacheka. Walitarajia kesho yake nije na fulana na kitenge kama wengine. Kesho yake nilikuja na suti nyingine, ya kijivu iliyokolea.

Sikilizeni basi nilivyojipanga. Rangi iwe nzito: bluu, kijivu, kahawia ya kahawa. Sketi iwe na marinda yaliyofichwa nyuma, kwa sababu kuna siku utapanda ngazi ya lori kusoma namba ya sili, ile lakiri ya mlango wa kontena, na madereva wote watakuwa wamesimama chini wakisubiri uaibike. Viatu viwe jozi mbili. Mabuti ya mpira ni ya yadini, viatu vya ngozi ni vya kwenye kaunta, na hivi vya pili vinakaa ndani ya mfuko wa nailoni vikiwa vimeshapakwa rangi tangu jana. Mimi nilishonewa mifuko miwili mikubwa ndani ya kila koti, wa kushoto kwa makaratasi ya Uganda na wa kulia kwa ya Kenya. Tangu hapo sikuwahi kumpa ofisa karatasi ya mwenzake, na waliocheka sketi yangu waliwahi, tena mara nyingi. Nywele zifungwe. Manukato yasitangulie kufika. Na anayekuambia kwamba nguo nzuri ni maringo, mwangalie yeye anavyohudumiwa kwenye kaunta, kisha ujitazame wewe.

Makoti yangu yote yalitoka kwenye mitumba. Sioni haya kusema. Mwuzaji wangu alikuwa Hajati Zaituni, mama wa mjini ambaye familia yake imefanya biashara na usafirishaji hapa mpakani tangu kwa babu. Siku ya kufungua robota la makoti alinipigia simu alfajiri.

"Nekesa, leo nafungua makoti. Kuja mapema, watu ya Mbale nakuja."

Nilifika kabla ya watu wa Mbale. Hajati alinifundisha kukamata mkono wa koti, kuufinya ndani ya ngumi, kuhesabu hadi kumi na kuuachia. Ukibaki na mikunjo, unaliacha koti hata kama lina jina la Ulaya shingoni. Halafu unaangalia mabega. Kiuno kinapunguzwa, mikono inafupishwa, lakini mabega yakikataa, umenunua pazia.

Fundi wangu alikuwa Owori wa Tororo, Mjopadhola mwenye cherehani ya miguu kwenye baraza la duka la mbegu. Watu waliniuliza kwa nini niende hadi Tororo wakati Busia imejaa mafundi. Mafundi wa Busia walilitazama koti langu kwa nje na kushika wembe. Owori alisema, "Nionyeshe tumbo yake kwanza," akaligeuza ndani nje na kulisoma polepole kabla ya kugusa uzi. Nilipoona hivyo siku ya kwanza, nilijua nimepata mtu wa hoteli.

Sasa nifike kwenye koti la bluu.

Nilikuwa na miaka miwili kazini nilipolitoa kwenye robota la Hajati. Bluu iliyokolea, kitambaa cha sufu laini, vifungo sita vya shaba. Nililipeleka Tororo likapunguzwe kiuno, nikamwomba Owori aongeze kitu kimoja: mikanda midogo ya mabega, ile inayofungwa kwa kifungo karibu na shingo. Nilikuwa nimeiona kwenye koti la mgeni mmoja Nairobi na sikuwahi kuisahau.

Owori alitoa pini mdomoni. "Dada, utafanana na askari."

"Nitafanana na mtu anayejua anachofanya."

"Hao ndiyo nasema."

Akashona, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninalipa, na kwa sababu nikishaamua jambo sibishiwi.

Nililivaa koti lile karibu mwaka mzima. Malori yalinipisha. Vibarua walinyamaza nikipita. Akina mama wanaovusha bidhaa kwa baiskeli waliponiona kwa mbali waligeuza na kuchukua njia ya kichakani, na mimi nikadhani wanaharakisha. Sikujiuliza kwa nini. Nitakuwa mkweli: niliona raha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, na yadi ilikuwa imefurika. Nilikuwa na lori la maharage la kikundi cha akina mama wa Buhehe, linaelekea Kenya, makaratasi yote yamekamilika, ila limezibwa na lori kubwa la dereva mmoja wa Mombasa ambalo lilikuwa halijakaguliwa bado. Nilimwendea dirishani, nikamwambia, "Tafadhali sogea mbele kidogo, unazuia njia." Akanitazama, akazima redio yake, akaniletea makaratasi yake yote kwa mikono miwili. Nikamwambia si mimi wa kupewa, apeleke kaunta. Alikwishawasha lori. Akasogea mbele, akaendelea kusogea, na wenzake watatu waliokuwa nyuma yake wakaona amepitishwa, wakamfuata. Malori manne ambayo hayajakaguliwa yakafika hadi kwenye kizuizi cha kutokea. Mlinzi wa kizuizi akapiga filimbi.

Hakuna lililotoka. Lakini mkuu wa zamu, mtu mrefu aliyehamishiwa kwetu majuzi na ambaye hakunifahamu, alishuka mwenyewe. Akamuuliza dereva nani amemruhusu. Dereva akanyoosha kidole.

Mkuu wa zamu aliniangalia kuanzia kwenye mikanda ya mabega hadi kwenye kifungo cha mwisho. Akanyoosha mkono wake. "Kitambulisho."

Nikampa.

"Saa nane uje ujibu kwa nini unajifanya ofisa wa forodha. Ukishindwa kujibu, hiki hukioni tena."

Wakala bila kitambulisho haingii hata getini. Miaka sita ya mvuke wa pasi, madarasa ya jioni, miaka mitatu ya tope, vyote vilikuwa ndani ya mfuko wa shati la mtu yule, naye alikwishanipa mgongo.

Wafula alinifuata hadi nje ya geti. "Nipe basi makaratasi ya hayo maharage, yasioze."

"Maharage makavu hayaozi, Wafula."

"Nasema tu."

"Na mimi nasema tu. Saa tisa nitayapitisha mwenyewe."

Nilikwenda kwa Hajati Zaituni, kwa sababu gari lake dogo lilikuwa linapakia marobota ya kupeleka Tororo. Alinisikiliza huku anahesabu mizigo, kisha akaacha kuhesabu.

"Nekesa, wacha kiburi. Kwenda nyumbani, vaa gomesi. Ingia kwa ofisi, piga magoti, sema samahani ssebo, samahani bwana. Dakika tano, unatoka na kitambulisho yako."

Mnajua gomesi, lile vazi refu la mkanda kiunoni la sherehe zetu. Ninalo, zuri sana, la hariri. Na kupiga magoti ninajua. Niliwapigia magoti wazazi wa mume wangu mbele ya kijiji kizima na sijuti, ile ilikuwa heshima. Lakini kumpigia magoti mkuu wa zamu kungekuwa kukubali kwamba nilijifanya ofisa. Nilimwambia Hajati hivyo. Akashusha pumzi, akafungua mlango wa mbele wa gari.

"Panda basi. Lakini hiyo koti toa, utakunja."

Nilikwenda Tororo na koti mapajani ndani ya nailoni. Dereva wa Hajati aliendesha mbio, na namshukuru.

Owori aliona uso wangu akasimamisha cherehani. Nikamweleza. Hakusema alinionya, ingawa alikuwa na haki. Alichukua wembe mdogo akaanza kufumua mikanda, uzi mmoja mmoja, kisha vifungo vya shaba, akaweka vingine vyeusi vya kawaida. Halafu akalishika koti kwenye mwanga wa nje.

"Angalia."

Jua la yadi lilikuwa limelipausha koti lote mwaka ule isipokuwa pale mikanda ilipokuwa imefunika. Kwenye kila bega kulikuwa na mstari wa bluu iliyokolea, umbo lile lile la mkanda, wazi kama umechorwa.

"Naweza kutia rangi," Owori akasema, "lakini haitakauka leo." Akatazama nyuma yake, ambako koti la kahawia la mteja lilikuwa linangojea mwenyewe. "Hii nakutosha. Mwenyewe nakuja kesho. Vaa, rudisha jioni. Hakuna mtu atajua."

Nililijaribu. Nasema ukweli, lilinikaa vizuri kuliko lilivyostahili. Nilisimama mbele ya kioo chake kidogo na kuona mwanamke ambaye hajawahi kumiliki koti la bluu. Ningeingia pale ofisini, ningesema dereva ameniona vibaya, na koti lenyewe lisingekuwepo kunisuta.

Nikalivua.

"Nipe langu. Na hiyo mikanda na vifungo, nitilie kwenye bahasha."

"Unapeleka wapi?"

"Kwa mwenye kesi."

Kisha akaweka makaa mapya kwenye pasi, akalowesha kitambaa, akalipiga koti pasi mwenyewe, mistari na yote, akaliacha lipoe ingawa tulikuwa hatuna muda. Malipo alikataa. Nikayaacha kwenye meza ya cherehani.

Mlinzi wa geti alinipitisha kwa kuwa niliitwa, na saa nane kasoro dakika tano nilikuwa kwenye mlango wa mkuu wa zamu, viatu vya ngozi miguuni, mabuti kwenye mfuko. Ndani walikuwa yeye, maofisa wawili pembeni, na dereva wa Mombasa amekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Bibi Nekesa. Ulijifanya ofisa."

"Sikujifanya."

"Ulivaa mavazi yanayofanana na yetu."

"Hilo nakubali." Nikaweka bahasha mezani na kuimwaga. Vifungo vilibingirika, kimoja kikasimama karibu na mkono wake. "Mikanda miwili na vifungo. Hivi ndivyo vilivyofanana. Niliviomba mwenyewe, fundi alinikataza, sikumsikia. Kosa hilo ni langu na sitamsingizia mtu."

Akainua macho hadi mabegani mwangu. "Na hiyo mistari?"

"Ndipo vilipokuwa. Haifutiki."

"Ulikuwa na muda wa saa nne. Kwa nini hukuvaa kitu kingine?"

"Ulisema nije nijibu kuhusu koti. Nimelileta."

Alimgeukia dereva. "Huyu alikuambia yeye ni ofisa?"

"Hapana, bwana. Alisema, tafadhali sogea mbele kidogo."

"Kwa hiyo kwa nini ulimpa makaratasi?"

Dereva alizungusha kofia yake mikononi. "Bwana, nina miaka mingi kwenye mipaka. Hakuna wakala aliyewahi kuniambia tafadhali. Nikaona na lile koti, nikajua huyu lazima ni mkubwa."

Ofisa mmoja wa pembeni akaanza kukohoa na akachukua muda kumaliza. Mkuu wa zamu hakucheka. Alitoa kitambulisho changu mfukoni, akakiweka juu ya meza, kidole chake juu yake.

"Nakupa onyo. Utarudishiwa. Lakini kuanzia kesho sitaki kuona koti. Hapa ni yadi ya malori, si benki. Utavaa fulana na kizibao cha njano kama wenzako."

Kitambulisho kilikuwa umbali wa shubiri moja. Ningeweza kusema asante, nikakichukua, nikaenda zangu. Magoti yangu yalikuwa hayajagusa sakafu na tayari nilikuwa nimeshinda zaidi ya wengi wangeshinda.

"Kizibao nitavaa juu ya koti," nikasema. "Hiyo ni sheria ya usalama na naijua. Hilo la koti naomba uniandikie."

"Nini?"

"Uandike kwamba wakala haruhusiwi kuvaa koti. Utie sahihi na muhuri. Hapa kwetu gunia la maharage halipiti bila muhuri, bwana mkubwa. Na agizo nalo lije na karatasi yake."

Alishika kalamu. Akavuta karatasi. Akaandika tarehe, na hapo mkono ukasimama. Akamwuliza ofisa aliyekuwa akikohoa, "Kuna kifungu?"

"Cha alama za cheo kipo, bwana. Cha koti sijawahi kukiona."

Nje lori lilipiga honi. Nilisimama wima, na nawaambia kwa ndani nilikuwa natetemeka, ila koti lililopigwa pasi vizuri lina faida hiyo, halitetemeki pamoja nawe.

Mkuu wa zamu alikisukuma kitambulisho kwa vidole viwili hadi ukingoni mwa meza. "Toka kabla sijakipata hicho kifungu."

Nilitoka. Nilibadilisha viatu kwenye ngazi, nikavaa kizibao juu ya koti, na maharage ya Buhehe yalivuka kabla ya saa tisa na nusu. Wafula alikuwa kwenye kaunta ya Kenya na akanipisha kwenye foleni bila kuambiwa.

Wengine watawaambia kwamba siku ile nilipona kwa bahati, kwamba dereva angesema neno jingine ningekuwa nauza nyanya. Pengine. Mimi najua nilichokuwa nimekivaa na nilichokuwa nimekileta mezani. Hajati alinishauri nilipeleke koti likatiwe rangi. Owori pia alisema yuko tayari. Nilikataa wote wawili.

Asubuhi iliyofuata niliingia yadini nimelivaa lile lile, kizibao mkononi kwa sababu jua lilikuwa halijachomoza vizuri na kazi ilikuwa haijaanza, mistari miwili ya mabegani inaonekana hadi ng'ambo. Mawakala waligeuka mmoja mmoja. Dereva wa lori la kwanza, mgeni kabisa, aliteremsha kioo na kunitazama kwa wasiwasi.

"Madam, wewe ni ofisa?"

"Mimi ni wakala," nikamjibu, nikavaa kizibao changu na kukifunga. "Lete makaratasi tuanze kazi."